Dhima ya Mwenye Kulinganisha Vipimo

Katika vikao vya darasa letu hapa Voi limezuka swali ambalo kwa dhahiri yake ni la mafundi, walakini tukilichungua twaona kuwa ni swali la tabia na dhima. Swali ni hili: mtu aliyepewa kazi ya kuhakikisha kuwa chombo cha hadhari ki sawa, akatia sahihi yake ya kuwa ki sawa hali hakukipima, kisha miaka ikapita pasitokee madhara yo yote, je, ametenda kosa? Na kama ametenda, amemkosea nani, maadamu hapana aliyedhurika?

Wako katika wenzetu waliojibu ya kuwa pasipo na madhara hapana kosa, na kwamba huo ni uvivu tu kama uvivu mwingine. Wako waliosema uwongo ni uwongo, na maneno yakaisha. Sisi twaona majibu yote mawili yamekwenda mbio mno. La kwanza limesahau kazi ya chombo cha hadhari ni nini. La pili ni kweli, lakini halitusaidii kuujua uzito wa uwongo huu, wala kuwajua wengine wanaoshiriki ndani yake.

Lililoleta swali hili ni khabari za nyuklia. Mwaka 2019 nchi yetu ilipata sheria mbili: Sheria ya Nishati, iliyounda shirika la kushughulikia umeme wa nyuklia, na Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyounda mamlaka ya kulisimamia jambo hilo. Mahali palipotajwa sana ni pwani yetu, Uyombo katika Kilifi. Wenyeji wakakataa, na mwaka 2024 wakatoka njiani kuandamana. Mwaka 2025 wakuu wakaanza kuitaja Siaya, kandoni mwa Ziwa Viktoria. Wako waliofurahi hapa kwetu, wakisema mzigo umekwenda kwa wengine. Hayo si maneno ya insafu. Jambo likiwa baya kwa mtu wa Uyombo haliwezi kuwa jema kwa mtu wa Siaya. Na likiwa jema, basi tulilikataa kwa kutolijua. Isitoshe, Voi ni njia panda. Cho chote kinachoshuka Kilindini kwenda bara, kwa reli au kwa barabara, hupita mbele ya milango yetu.

Katika mabaraza huulizwa daima swali moja: je, kinu hicho ni salama? Mtaalamu hujibu kuwa ni salama, kwa kuwa kina vyombo vya kukizima chenyewe joto likizidi. Hapo watu hunyamaza. Sisi twaona hapo ndipo pa kuanza kuuliza.

Na tueleze kwa maneno ya kawaida. Ndani ya kinu cha nyuklia chembe za urani hupasuka na kutoa joto, joto huchemsha maji, na mvuke huzungusha mtambo wa umeme. Tofauti yake na jiko la kuni ni kuwa kinu hiki, hata kikizimwa, huendelea kutoa joto: kiasi cha asilimia 6 au 7 ya nguvu yake mara tu baada ya kuzimwa, kisha joto hilo hupungua kwa siku na miezi. Kwa hivyo maji ya kukipoza hayana ruhusa ya kukatika, usiku wala mchana. Basi katika mabomba, katika vyumba na katika mashine za kusukuma maji hutiwa swichi za joto. Swichi hukaa kimya. Joto likifika kiwango kilichowekwa, swichi hugeuka, na papo hapo valvu hufungwa, au kengele hulia, au kinu chote huzimwa, bila ya kumngoja mtu aamke usingizini au amwulize mkubwa wake.

Lakini swichi ni kitu kama vitu vingine. Springi huchoka, nyaya huchakaa kwa joto na mtikisiko, na kiwango huhama kidogo kidogo. Iliyowekwa igeuke kwenye digrii 90 huja ikageuka kwenye 93, kisha 96. (Hesabu hizi twazitaja kwa mfano tu.) Mafundi wanalijua jambo hili, na ndiyo sababu huacha nafasi: ikiwa khatari yenyewe ni digrii 100, swichi huwekwa chini yake, ili hata ikihama isivuke mpaka. Na kila muda uliopangwa ukifika, fundi huja na kipima joto kilicho sahihi zaidi, ambacho nacho kimelinganishwa na kingine kilicho sahihi zaidi, hata mnyororo ukafika kwenye vipimo vya taifa, ambavyo kwetu hutunzwa na Shirika la Viwango la Kenya. Huitia swichi joto linalojulikana, akatazama inageukia wapi, akaitengeneza ikiwa imehama. Hii ndiyo kazi tunayoiita kulinganisha vipimo.

Wazee wetu hawakuhitaji kufundishwa asili ya jambo hili. Walipima kwa pishi na kibaba, na hapana aliyekosa kusikia khabari za mwenye duka aliye na pishi mbili, moja ya kununulia na moja ya kuuzia. Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwako muhtasib, ambaye miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuzunguka sokoni kuyapima mawe ya mizani ya wachuuzi. Na leo hii, nenda Kasigau au Kamtonga ukamtazame mchimbaji akiuza kito cha kijani, kile kilichopewa jina kwa Tsavo yetu. Kito ni kidogo kama punje, na mara nyingi mizani ni ya mnunuzi. Kosa la sehemu ndogo ya gramu laweza kula posho ya nyumba kwa siku nyingi. Mchimbaji anajua hayo, na akiweza hupima kwanza kwa mizani ya rafiki yake kabla ya kwenda kwa mnunuzi.

Hapa pana tofauti kubwa, na twawaomba wasomaji wetu waishike, kwa kuwa jawabu letu lote limesimama juu yake. Mizani ya soko ikidanganya, hudanganya kila siku kwa kusema, na aliyedanganywa aweza kwenda kupima kwingine. Swichi ya hadhari hudanganya kwa kunyamaza, na kunyamaza ndiyo hali yake hata ikiwa nzima. Swichi nzima na swichi iliyokufa, katika siku za kawaida, zafanana kama mapacha. Hutofautiana siku moja tu, na siku hiyo hapana muda tena wa kuzipima.

Basi wanaosema "hapakutokea madhara" wanaleta ushahidi usioshuhudia kitu. Nyumba isiyoingiwa na mwizi haionyeshi kuwa mlinzi yuko macho. Yawezekana mlinzi amelala miaka kumi na mwizi hakujaaliwa kupita. Na mwenye nyumba, kwa kumtegemea mlinzi huyo, ameacha kufunga komeo. Hili ndilo madhara, nalo limekwisha kutokea siku ile ile ya kwanza. Aliyetia sahihi bila ya kupima amewaondolea watu khofu iliyokuwa haki yao. Lau wangalijua kuwa swichi haikupimwa wangalichukua hadhari nyingine: wangaliweka mtu wa kutazama, wangalipunguza nguvu ya kinu, wangalihama. Yeye amewapa utulivu usio na mali nyuma yake, kama anayelipa kwa hundi ya benki asiyo na akiba ndani yake. Kwamba hundi haijapelekwa benki bado haiifanyi kuwa nzuri.

Mafundi wa vinu hivi wana desturi moja ambayo twaona ni ya hekima kubwa, ijapokuwa wao huiona ni jambo la makaratasi. Katika daftari la kulinganisha huwekwa nafasi mbili. Ya kwanza ni ya kuandika swichi ilikutwa vipi kabla ya kuguswa. Ya pili ni ya kuandika imeachwa vipi baada ya kutengenezwa. Kuijaza ya pili ni rahisi, kwa kuwa ni khabari njema: nimeiacha sawa. Ya kwanza ndiyo ngumu. Fundi aliyeikuta swichi imehama mbali akiandika hivyo, amewasha moto wa maswali. Tangu lini imehama? Je, kwa muda wote huo kinu kilikuwa bila ya hadhari? Zile swichi nyingine za namna hiyo hiyo zi vipi? Nani aliyeipima mara iliyopita? Kazi ya saa moja imekuwa kazi ya mwezi. Na mbele yake iko njia fupi, isiyoonekana na mtu: aitengeneze kwanza, aipime, aiandike ilivyo sasa katika nafasi zote mbili, aende zake nyumbani. Swichi ni nzima. Kesho yake kinu ki salama kweli kweli. Amemkosea nani?

Hili ni gumu kuliko swali la kwanza, kwa maana huyu amefanya kazi. Sisi twasema amekosa, na kosa lake ni la kuficha maarifa. Swichi moja kuhama ni bahati mbaya. Swichi kumi kuhama upande mmoja ni ugonjwa wa jamii nzima ya swichi hizo, na ugonjwa haujulikani ila kwa kukusanya yaliyokutwa na mafundi wengi, mahali pengi, kwa miaka mingi. Anayeandika safi juu ya chafu ameitengeneza swichi yake na kuwanyima khabari walio na swichi kama hiyo katika mji mwingine, ambao yeye hatawaona maisha yake.

Husemwa: hapana haja ya kutia chumvi, maana vinu haviitegemei swichi moja. Ni kweli. Mara nyingi huwekwa swichi tatu au nne kwa kazi moja, na kinu huzimwa mbili kati yake zikikubaliana, ili kosa la moja lisilete khatari wala lisizime umeme bure. Ni hesabu nzuri, mfano wa kutaka mashahidi zaidi ya mmoja. Lakini tuseme fundi ni yule yule, siku ni ile ile, na kipima joto alichokuja nacho kina kosa la digrii 5. Atazilinganisha zote nne na kosa moja. Kwa hesabu ya karatasi ni mashahidi wanne. Kwa hakika ni shahidi mmoja aliyewafundisha watatu maneno ya kusema. Kadhi hawezi kuwakubali mashahidi wa namna hiyo, na hatuoni kwa nini mhandisi awakubali. Wenye akili katika kazi hii hugawanya swichi kwa mafundi mbali mbali, au kwa siku mbali mbali. Jambo hilo huongeza gharama, na kwa hiyo ndilo linaloachwa kwanza fedha zikipungua.

Hapa Voi mfano wa haya haukosi. Wazee wa reli wanayakumbuka magari makubwa ya moshi, yale Garratt yaliyopewa majina ya milima, yaliyoanza kuvuta treni baina ya Mombasa na Nairobi mwaka 1955. Katika dari ya tanuri la gari la moshi hutiwa kizibo chenye risasi ndani yake. Maji yakiwa ya kutosha juu ya dari, risasi haiyeyuki. Maji yakishuka, risasi huyeyuka, mvuke humwagika motoni kwa kishindo, na dereva hujua kuwa mauti yamemkaribia. Chombo hicho hakina waya wala saa. Lakini nacho huhitaji kutolewa na kutiwa kipya kwa muda maalumu, kwa kuwa ukoko wa maji ya chumvi hukifunika, na risasi ya zamani haitegemewi. Kizibo kilichofunikwa na ukoko hakimwambii dereva kitu. Hukaa kimya kama kilicho kizima.

Na kwa vijana wasioyajua magari ya moshi, mfano upo katika njia ya Mwatate kupanda Wundanyi. Gari likichemka mlimani, wako mafundi wa kando ya njia ambao huing'oa thamostati na kuitupa, na taa ya joto ikiwa yasumbua huikata waya wake. Gari hupanda. Abiria hufurahi. Dereva hueleza kuwa taa ile "ilikuwa ikidanganya".

Maneno hayo ya dereva tuyakumbuke, kwa kuwa mafundi waliosoma sana waliyasema mbele ya kinu cha nyuklia. Tarehe 28 Machi 1979, alfajiri, katika kinu cha pili cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, mashine za kupeleka maji zilisimama, na kinu kikajizima kama ilivyotakiwa. Valvu moja ya kupunguza nguvu ya mvuke ilifunguka, kisha ikakwama wazi, na maji ya kupoza yakawa yanatoka kwa zaidi ya saa mbili. Taa mezani mwao ilionyesha kuwa imefungwa. Kwa hakika taa hiyo ilionyesha tu kuwa amri ya kufunga imepelekwa. Haikuwa na njia ya kujua kama amri imetiiwa. Lakini bomba la nyuma ya valvu lilikuwa na kipima joto, na kipima joto hicho kilisema kweli: joto lilikuwa juu. Walikiona. Hawakukisadiki, kwa kuwa valvu za hapo zilikuwa zikivuja kidogo kwa muda mrefu, na joto la bomba lile lilikuwa juu kila siku. Walikwisha zoea. Hadhari iliyoachwa ilie kila siku ilikuwa imepoteza sauti yake siku ilipohitajiwa.

Asubuhi hiyo hiyo lilitokea jingine. Juu ya fueli za kinu mlikuwa na nyaya za kupimia joto, na mashine ya hesabu iliyozisoma ilitengenezwa isichapishe zaidi ya digrii 700 za Farenhaiti, yaani kiasi cha 371 za Selsiasi. Zaidi ya hapo ilichapisha alama za kuuliza. Mafundi wakateremka wakapima nyaya zenyewe kwa mkono. Nyingine zikatoa joto dogo, nyingine zaidi ya digrii 2,000 za Farenhaiti, zaidi ya 1,090 za Selsiasi. Ikaonekana haiwezekani, ikasemwa nyaya zimeharibika. Baadaye ilijulikana kuwa kiasi cha nusu ya moyo wa kinu kilikuwa kimeyeyuka.

Hatuwataji watu hao kwa kuwalaumu. Twawataja kwa kuwa wanatuonyesha tendo la moyo ambalo kila mmoja wetu analo. Kipimo kikisema tunalolipenda, hatukiulizi kimepimwa lini. Kikisema tunalolichukia, twageuka mafundi ghafula, na kukitafutia ila. Insafu yataka tukipime kabla hatujajua kitasema nini. Kwa sababu hiyo kulinganisha vipimo huwekewa tarehe, siku imefika basi hupimwa, wala haingojwi shaka.

Japani ilitoa somo la pili. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko na mawimbi ya bahari viliukata umeme wa vinu vya Fukushima Daiichi. Katika kinu cha kwanza kipimo cha maji kilionyesha kuwa maji yangali juu ya fueli, hali ya kuwa fueli imekwisha kubaki uchi. Kipimo hicho hufanya kazi kwa kulinganisha uzito wa maji ya kinu na uzito wa maji ya bomba dogo la kando yake. Joto lilipozidi, maji ya bomba lile la kulinganishia yakakauka, na kipimo kikawa chalinganisha na kitu kisichokuwapo. Mwezi wa Mei, mafundi walipoweza kuingia na kukisawazisha, waliona maji yako chini sana ya walivyoambiwa. Kipimo hakikuvunjika. Kilichopotea ni kile kilichokuwa kikilinganishwa nacho.

Na kampuni hiyo hiyo yenye vinu vya Fukushima, TEPCO, mwaka 2002 ilifichuliwa kuwa kwa miaka mingi iliandika uwongo katika daftari za ukaguzi wa vinu vyake. Wakubwa wake wakajiuzulu, na kufikia Aprili 2003 vinu vyake vyote 17 vilikuwa vimesimamishwa vikaguliwe. Katika kisa hicho kuna jambo lililotusikitisha kuliko uwongo wenyewe. Khabari ile ilipelekwa kwa serikali mwaka 2000 na mkaguzi mmoja aliyekuwa mfanya kazi wa kampuni ya General Electric. Na idara ya serikali, badala ya kumsitiri, ikalitoa jina lake kwa kampuni aliyoishitaki. Watu walioliona hilo walijifunza nini? Walijifunza kuwa anayeiandika nafasi ya kwanza ya daftari kwa ukweli huandika jina lake mwenyewe katika daftari jingine.

Basi twafikia penye mzozo mkubwa katika darasa letu. Dhima ni ya nani? Wengi walimbebesha fundi yote. Ni kweli sahihi ni yake, na mtu hawezi kuikimbia sahihi yake kwa kusema nilikuwa mdogo. Walakini tumtazame mkubwa aliyempa fundi huyo swichi thelathini za kupima kwa saa sita, naye ajua hazipimiki chini ya saa kumi na mbili. Hakumwamuru kusema uwongo. Hata neno la uwongo halikutoka kinywani mwake. Ameitengeneza tu kazi hali haitimiziki ila kwa uwongo, kisha akaketi ofisini kungoja karatasi safi, nayo karatasi ikaja safi, akaipokea bila ya kuuliza. Sisi twaona dhima ya huyu si ndogo kuliko ya fundi, na katika baadhi ya hali ni kubwa zaidi: fundi ameandika uwongo mmoja kwa khofu ya mkate wake, mkubwa ameweka kiwanda cha kuuzalisha, na mikono yake imebaki safi. Wako waliotupinga wakasema dhana si ushahidi, na mkubwa hawezi kuhukumiwa kwa hesabu ya saa. Twajibu kuwa hesabu ya saa ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko yote, nayo i katika maandishi yake mwenyewe.

Kuna mtu wa tatu, na huyo ni sisi wananchi. Huko Marekani vinu hutakiwa na sheria kupeleka taarifa ya mambo ya namna hii kwa mamlaka ya nyuklia ndani ya siku 60, na taarifa hizo hutangazwa zikasomwa na ye yote. Ukizifungua utakuta nyingi mno: swichi imehama, kipimo kilikuwa na kosa, ukaguzi ulipitwa na tarehe. Msomaji wa haraka husema, tazameni vinu hivi vilivyooza! Gazeti huandika kwa herufi kubwa, mwanasiasa hulichukua barazani, na mkubwa wa kinu huazimia kuwa mwaka ujao taarifa zipungue. Nazo hupungua. Swichi hazikuacha kuhama. Twaona sisi tuna kosa katika jambo hilo, kwa kuwa tumewaadhibu wasemao kweli na kuwalipa wanyamazao. Kinu chenye daftari isiyo na kosa hata moja kwa miaka kumi chatutia khofu zaidi ya kile kinachokiri makosa madogo kila mwezi, kwa sababu vyuma havikuumbwa hivyo.

Atasema mwenye kubisha: basi kwa maneno yenu hapana kinu kitakachoaminika; kikikiri kimeoza, kisipokiri chaficha. Sivyo. Twasema khabari ya makosa madogo yapimwe kwa kinachofuata. Je, kosa la swichi moja liliwafanya wazitazame zile nyingine? Je, aliyelileta yungali kazini mwaka wa pili? Je, tarehe za kupima zinafuatwa hata mwaka wa uhaba wa fedha? Haya mwananchi asiyejua elimu ya nyuklia aweza kuyauliza, na mwenye daftari aweza kuyajibu kwa tarehe na hesabu. Afrika yetu ina kituo kimoja cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi tangu mwaka 1984, kile cha Koeberg karibu na Cape Town, na Misri inajenga vinu El Dabaa. Mamlaka yetu haikosi mahali pa kwenda kuuliza daftari za namna hiyo huandikwaje.

Hatutaki kueleweka kuwa tumetoa hukumu juu ya nyuklia yenyewe. Katika darasa letu wako wanaoitaka, kwa kuwa umeme ni ghali na viwanda ni vichache, na wako wasioitaka hata kwa dawa. Ubishi wao ni mrefu na una gharama, taka na maji ndani yake, wala hatukuuingia leo. Tulilotaka ni kuwa watu wa Siaya, au wa Uyombo ikiwa mambo yatarudi huko, wakiambiwa kuna swichi, wasikubali neno hilo kuwa mwisho wa mazungumzo. Waulize daftari ya kulinganisha itawekwa wapi, itaandikwa kwa lugha gani, na ni nani asiyelipwa na mwenye kinu atakayekuwa na ruhusa ya kuifungua bila ya kutoa khabari kwanza.

Vijana wetu nao wasidhani mambo haya ni ya Siaya tu. Voi ina chuo cha ufundi, na kuna chuo kikuu kinachofundisha uhandisi wa madini. Wengi watakaotoka humo hawatakiona kinu cha nyuklia maishani mwao, bali watakabidhiwa friji za chanjo, ambazo joto lake halitakiwi kutoka baina ya digrii 2 na 8, na mabirika ya mvuke, na matangi ya mafuta, na vipimo vya hewa katika mashimo ya machimbo. Kila kimoja katika hivyo kina nafasi mbili katika daftari yake, au chapaswa kuwa nazo. Kijana mmoja alituuliza: akipewa daftari yenye nafasi moja tu, ya kuandika "sawa", afanyeje? Tulimwambia apige mstari kwa kalamu yake mwenyewe, aifanye kuwa nafasi mbili, na aandike humo alichokikuta. Akauliza, na mkubwa akikasirika? Darasa likagawanyika. Mmoja wetu akasema amwonyeshe mkubwa kwa adabu, kabla ya kuandika, ili isiwe kama kumvizia. Mwingine akasema aandike kwanza, kwa sababu likishaandikwa halifutiki. Kauli hizo mbili twaziacha mbele ya wasomaji wetu, na atakayetuletea hoja yenye nguvu tutaichapa.